Kitawi Kisicho na Baba

1

Bi Zuwena Khatib alifika kituoni kwetu, kunakopimwa mimea, Jumatatu saa mbili kasorobo asubuhi, bawabu hajamaliza hata kufungua lango, na mkononi ana mche wa kivumbasi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, buibui kalifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kuchota maji. Nilimwambia aketi. Hakuketi. Aliliweka kopo juu ya meza yangu, juu hasa ya ripoti niliyokuwa naiandika, akasema amekuja kukata rufaa.

Nimekaa meza ile ya mkemia miaka tisa na sikupata kumwona mtu wa rufaa. Sheria ya Mimea ya Harufu inampa mwenye bustani siku nne tangu Pua, mashine yetu ya kunusa, ipige wekundu juu ya ua wake, lakini watu wetu wakishaambiwa na mashine kwamba wana sumu nyumbani huona haya hata kutoka nje, sembuse kuja mjini kubishana. Wengi huung'oa mmea wenyewe kabla wachomaji hawajafika. Mimi nilikuwa nikichukulia kuwa hiyo ni dalili ya kazi safi. Ndivyo mtu anavyojidanganya akishapata ajira ya kudumu na kiti kinachozunguka.

Bi Zuwena alikuwa na haraka zake. Ijumaa anaozesha binti yake wa mwisho, na kwao Kidundoni bibi harusi haingii kwa mume mikono mitupu. Hubeba kitawi kilichokatwa kwenye kivumbasi cha mama yake, akakipanda mwenyewe karibu na mlango wa uani, na akizaa, majani yake ndiyo yanayochemshwa kumwogeshea mtoto mpaka arubaini. Hakinunuliwi, wala hakioteshwi kwa mbegu. Jumapili Pua ilikuwa imepita juu ya ua wake ikapiga wekundu, na wachomaji walikuwa wamepangiwa Alhamisi. Bila ya kitawi binti angeolewa, hilo halina shaka, lakini angeolewa na jina la mtoto wa nyumba yenye sumu.

Nilimfungulia chati yake kwenye skrini na kumweleza kwa upole, ule upole wetu wa ofisini. Kila kilima kwenye mstari huu ni kemikali moja iliyomo katika mafuta ya majani. Hiki kirefu ni eujeno, ndiyo inayofanya kivumbasi chake kinukie karibu na karafuu. Mstari wa chini ni wa Mlinzi. Tazama vilima vinavyolingana: asilimia tisini na tatu. Alitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Kisha akauliza Mlinzi uliingiaje kwake.

Nani asiyeujua Mlinzi? Ni mrehani uliotengenezwa maabara mwaka ule dawa zote za mbu zilipogoma kufanya kazi. Ulipandwa kuzunguka kila mji na kila skuli, na mbu wakahama kweli, hata vyandarua tukavigeuza vya kufugia kuku. Miaka sita baadaye watoto wachanga watatu walikata pumzi wakiogeshwa maji ya majani. Ikajulikana kwamba Mlinzi ukichemshwa hutoa kitu kinachozima pumzi ya mtoto, na wakati huo ulikuwa umeshapeleka chavua yake kwenye kila ua wa kisiwa hiki. Pua ndipo ilipobuniwa. Ni kidude cha kutosha kukaa kwenye sinia, kinaruka juu ya mapaa kikinusa. Hakinusi sumu yenyewe, maana sumu ile haiamki mpaka maji yachemke. Kinanusa mafuta mepesi yanayotoka majanini, kisha kinalinganisha na chati ya kumbukumbu ya Mlinzi, iliyotengenezwa kituoni kwetu. Inayozidi asilimia tisini huwa nyekundu.

Basi nikamweleza Bi Zuwena habari za chavua. Nyuki hutoka kwenye Mlinzi, hutua kwenye ua la kivumbasi, mbegu inaanguka, mche unaota, na mche ule ni mtoto wa Mlinzi hata kama sura yake ni ya mama.

"Mbegu," alisema.

"Ndiyo, mbegu."

"Mwanangu, mie nakwambia kitawi, wewe waniambia mbegu. Hiki nimekikata kwa mama yangu, na mama kakikata kwa mamaake. Maua twayakwanyua yakichungulia tu, maana kikishatoa maua majani huwa machungu. Hiki hakina baba. Huyo Mlinzi wako kapita mlango gani?"

Niliiacha skrini nikautazama mche ndani ya kopo. Kitawi kilichokatwa na kupandwa ni mmea uleule uliokatwa, si mtoto wake. Hakuna baba aliyeingia kati. Hilo nilisoma mwaka wa kwanza wa chuo, na nimewafundisha wengine. Miaka tisa nimetia saini kuchomwa kwa bustani za wanawake wanaopanda kwa vitawi, nami nimezaliwa miongoni mwao, na halikunipitia akilini hata siku moja.

Hapa niseme wazi kwa nini sikuweza kuliacha jambo hili. Mama yangu, Bi Mboja, alikuwa mwogeshaji. Kwetu, kwa miaka thelathini, hakuna mtoto aliyezaliwa ambaye hakupita mikononi mwake. Miaka saba iliyopita alimwogesha mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa mdogo wangu Zeyana, na siku ya ishirini na mbili mtoto akakata pumzi ndani ya beseni. Pua ikaletwa, ikapiga wekundu juu ya kivumbasi chake, na mimi ndiye niliyeithibitisha chati. Mama hakubisha. Alilichimbua shina kwa mikono yake akalitia kwenye moto wa wachomaji, na tangu siku ile hajamgusa mtoto wa mtu. Wakimletea hurudi nyuma na kuficha mikono ndani ya kanga. Zeyana ameshamwambia mara nyingi kwamba amemsamehe. Haikumsaidia kitu, kwa sababu kusamehewa si sawa na kuambiwa kwamba hukufanya.

Nikamwomba Bi Zuwena aniachie kopo. Akaniuliza jibu litapatikana lini, nikamwambia kesho alasiri. Akauliza tena kama mche utamwagiwa maji. Nikamwahidi utamwagiwa, na nikaumwagia kabla hajafika langoni.

2

Mashine yetu ya vinasaba ina kitrei chenye vishimo tisini na sita. Ukiiwasha kwa sampuli moja inakula dawa ileile ambayo ingekula kwa tisini na sita, na mimi nimelelewa na mama asiyetupa hata ukoko wa wali. Siwezi kuona vishimo tisini na tano vinakwenda bure. Nikafungua friza.

Mle ndani kulikuwa na majani ya kila bustani tuliyopata kuichoma, sitini na tatu kwa jumla, kila moja ndani ya kifuko chenye namba. Sheria ilitaka yahifadhiwe. Haikutaka yapimwe, kwa kuwa harufu ilishahesabiwa kuwa ushahidi wa kutosha, basi hakuna aliyeyagusa. Nikayasaga moja moja mchana kutwa. Nilipofika namba kumi na saba nilisimama kidogo. Kifuko kile nilikijua. Mwandiko juu yake ulikuwa wangu, na ulikuwa umepinda. Nikakitia kwenye kishimo chake kama wenzake, nikatia na Mlinzi wenyewe, nikafunga kifuniko.

Watu huchanganya mambo mawili haya, na mimi niliyesomea nimeyachanganya kuliko wote. Mafuta ya mmea ni kazi yake. Vinasaba ni ukoo wake. Ukimkuta mtu anauza samaki sokoni hujui bado ni mtoto wa nani. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza mmoja kunukia ndimu na mwingine kafuri, na mimea miwili isiyojuana hata kwa mbali ikatoa eujeno ileile, kwa sababu wadudu wanaoifukuza ni wale wale. Hata mmea mmoja harufu yake ya asubuhi si ya alasiri. Yote haya yameandikwa vitabuni. Lakini siku zile za mwanzo, watoto watatu wakiwa wamezikwa, tulihitaji kitu kinachoruka na kutoa jibu kwa dakika moja, na harufu ndiyo iliyoweza kutoa jibu kwa dakika moja.

Jumanne saa tisa mashine ilinichorea mti wa ukoo. Mlinzi ulikaa kwenye tawi lake upande wa kushoto, na pamoja nao zilikaa bustani ishirini na mbili. Hizo zilikuwa watoto na wajukuu wake, hapana ubishi. Zilizobaki arubaini na moja zilitawanyika upande wa pili wa skrini, mbali, kila moja na jamaa zake. Hazikuwa na Mlinzi hata chembe.

Kivumbasi cha Bi Zuwena kilikuwa upande huo wa pili. Nikakuza picha ili niione namba yake, nikaona kuna namba nyingine imekaa juu yake, zimebanana mpaka hazisomeki. Nikaibonyeza. Ilikuwa kumi na saba. Tofauti kati yake na cha Bi Zuwena ilikuwa sifuri. Si ndugu wala binamu, ni mmea mmoja, uliokatwakatwa na kubebwa na mabibi harusi kutoka ua mmoja kwenda mwingine, mpaka tawi moja likafika kwa mama na jingine Kidundoni.

Nilikaa chini sakafuni. Nasema kweli, furaha iliyonijia haikuwa na adabu; nilicheka na kulia kwa pamoja, peke yangu, nimevaa glavu. Mama hakumuua mtoto. Hilo ndilo nililokuwa nikilisema, tena kwa sauti, na mfanyakazi wa usafi akachungulia mlangoni na kuniuliza kama nimefiwa.

Bi Zuwena alipokuja nilimweleza kwamba kivumbasi chake ni safi na amri ya kuchoma imefutwa. Hakushangaa. Alisema yeye alilijua hilo tangu Jumapili, kwani wajukuu saba wameogeshwa majani hayo na wote wako hai wanamsumbua. Alilichukua kopo, akauchungulia udongo wake kuona kama una majimaji, akaniaga kwa kunikaribisha harusini. Nikashukuru, nikabaki na kile kilichobaki baada ya furaha kutulia kidogo. Kama bustani arubaini na moja hazikuwa na Mlinzi, Pua ilikuwa ikinusa nini?

3

Nilianza na chati ya kumbukumbu, ile ambayo Pua zote za kisiwa hubeba kichwani. Sikuwa nimeitazama kwa makini tangu mwaka ilipotengenezwa, kama mtu asivyoitazama saini yake mwenyewe. Kilima kirefu cha eujeno kilikuwepo, na vingine nilivyovitarajia. Mwisho kabisa, upande wa kulia, kulikuwa na kilima kidogo ambacho nilikuwa nimekiandikia "uchafu, kisihesabiwe," na Pua ilikuwa ikikihesabu siku zote.

Nikalitafuta jina lake. Ni asetati ya eujeno. Karafuu huitengeneza. Mrehani hauitengenezi, kivumbasi hakiitengenezi. Nimechambua mamia na sikupata kuiona.

Nikashusha daftari la mwaka ule kutoka juu ya kabati. Ukurasa wenyewe niliupata kwa haraka, maana mwandiko ulikuwa wangu, mzuri, wa msichana anayetaka kusifiwa. Chombo cha kioo cha kukenekea mafuta, yaani kuyatoa majanini kwa mvuke, kilikuwa kimepasuka wiki ile, na wakubwa walitaka chati kabla ya Idi. Nikaazima pipa la chuma kwenye kiwanda cha jirani wanakokeneka mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu. Nimeandika: pipa limesuuzwa mara moja kwa maji ya moto. Mara moja. Pipa lililopika makonyo miaka kumi na mitano, mimi nimelisuuza mara moja, nikatia Mlinzi ndani yake, na kilichotoka nikakiita Mlinzi.

Mtu wa mahali pengine asingeweza kufanya kosa hili. Angefungua mfuniko tu, harufu ya karafuu ingemkumba usoni, na angerudi nyuma. Mgeni akishuka bandarini kwetu husema kisiwa kizima kinanukia, nasi tunamtazama tusijue anasema nini. Mimi nimelala juu ya magunia ya karafuu nikiwa mtoto. Nilifungua mfuniko, nikaingiza kichwa ndani nikavuta pumzi, na nikaandika kwa mkono wangu: hakuna harufu.

Mengine yakajipanga yenyewe. Nikaziangalia tarehe za bustani zile arubaini na moja, na thelathini na nane zilipigwa wekundu katika miezi ya kuanika karafuu, wakati kila ua una jamvi limetandazwa na mafuta yake yanapanda hewani pamoja na ya kivumbasi. Pua ilikuwa ikikutana na eujeno ya kivumbasi na asetati ya karafuu mahali pamoja, na kusema: huyu hapa. Jambo hili la miezi tulikuwa tumeliona zamani. Tulilipatia hata sababu, kwamba joto huuchangamsha Mlinzi. Niliiandika mimi, ukurasa mzima, na nikapigiwa makofi kwenye mkutano.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwenye banda la kioo tunakofungia Mlinzi wa kumbukumbu, nikakata majani, nikayakeneka kwenye chombo kipya. Kilima cha mwisho hakikutokea. Nikailinganisha chati ile mpya na ya Bi Zuwena, ikanipa asilimia hamsini na nane. Zile ishirini na mbili za kweli zote zilizidi tisini. Kazi ya asubuhi moja, na ningeweza kuifanya asubuhi yoyote ya miaka tisa.

4

Mkurugenzi wetu, Bwana Haroub, ni mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe magumu. Alisoma kila karatasi niliyompa, mara mbili, akavua kofia akaiweka juu ya meza, akakuna kichwa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama zile ishirini na mbili kweli ni Mlinzi. Nikamwambia kweli. Akashusha pumzi, akasema basi Pua haikuwa mwongo mtupu, kuna watoto wako hai leo kwa sababu yake.

Kisha akanieleza mpango wake. Tunabadilisha chati ya kumbukumbu leo hii, kama marekebisho ya kawaida ya toleo jipya, na Pua zote zinaanza kuitumia kesho. Kisiwa kizima kitanuswa upya katika wiki mbili. Tangu sasa Pua itashitaki tu, na vinasaba ndivyo vitakavyohukumu. Hakuna bustani safi itakayochomwa tena. Hakuna Mlinzi utakaobaki. Kila kitu kitakuwa sawa, na hakuna haja ya kumtangazia mtu.

"Na waliokwisha kuchomewa?" nikamuuliza.

"Bi Kazija, hao tutawarudishia nini? Mmea umeshaungua. Ukisimama redioni ukasema tumekosea arubaini na moja, nani atatusikiliza tukimwambia wa sitini na nne kwamba wake ni Mlinzi kweli? Atakwambia na wangu mmekosea. Atauchemsha. Atamwogesha mtoto."

Alikuwa na haki. Ninawajua watu wetu. Wakishalikuta neno moja la uongo ndani ya kapu hulimwaga kapu zima. Mtoto mmoja akifa kwa sababu watu wameacha kutuamini, kifo hicho kitakuwa changu kama yale makosa ya mwanzo. Upande wa pili walikuwa wanawake arubaini na mmoja waliong'oa vivumbasi vya mama zao wakiamini wamefuga sumu, na mmoja wao hamshiki mtoto. Nilikaa pale nikivipima vitu hivi viwili, na nilijua pia, tena kwa aibu, kwamba njia ya Bwana Haroub ilikuwa inaninusuru na mimi. Daftari lile lingerudi juu ya kabati.

Nadhani hilo la mwisho ndilo lililoniamulia. Sikuiamini tena akili yangu katika njia inayonifaa mimi.

Nikamwambia kwamba wale watu walituamini sisi wakaacha kujiamini wenyewe. Bi Zuwena ndiye aliyekuwa na jibu, na alikuwa nalo tangu kabla Pua haijabuniwa, na sheria yetu haikuwa na mahali pa kumsikiliza. Tukiwaambia ukweli wote, pamoja na zile ishirini na mbili, pamoja na namna ya kuja kupima bure, watakaotubishia watakuja kutubishia hapa kituoni, na sisi tutawaonyesha. Tukinyamaza, siku moja atatokea mtu mwingine mwenye vishimo tisini na sita, na siku hiyo kapu litamwagwa kweli.

"Jina la nani litakuwa chini ya tangazo?" aliuliza.

"Langu. Pipa nililisuuza mimi."

Nje wafanyakazi walikuwa wanatoka kwenda kula. Mwishowe akavaa kofia, akasema chati ile ilipita mezani kwake na yeye hakuuliza hata swali moja, kwa hiyo jina lake litakaa la kwanza, langu la pili, na tangazo litasomwa Alhamisi saa nne asubuhi. Alisema hayo kwa hasira, na alikuwa na hasira nami mpaka wiki mbili baadaye. Mimi nilitoka ofisini mwake nikijiona mwepesi, nikaenda nikala sahani mbili za wali.

5

Sikutaka mama ayasikie kwenye redio. Alhamisi nilifika kwake saa mbili, nikamkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia, nikakaa mbele yake juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikamwambia yote kwa mfululizo kama mtoto anayetoa somo alilolikariri, maana nilijua nikisimama njiani sitaweza kuendelea.

Mikono yake iliacha kwenda. "Rudia," alisema.

Nikarudia. Kivumbasi chake kilikuwa safi. Vinasaba vimepimwa. Hakikuwa na Mlinzi hata chembe. Akaniuliza nina hakika gani, isije ikawa mashine nyingine tena. Nikamweleza habari za Bi Zuwena wa Kidundoni, kwamba kivumbasi cha Bi Zuwena na chake ni mmea mmoja, na wajukuu saba wameoga maji yake na wote wazima.

"Saba," alisema mama.

"Saba."

"Basi mtoto wa Zeyana kafa na nini?"

Nikamwambia sijui. Daktari wakati ule hakutafuta zaidi, kwa sababu Pua ilishajibu, na sasa hakuna namna ya kujua. Watoto wengine huzaliwa na jambo ndani yao ambalo halionekani. Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani atalia, nikajongea. Hakulia. Aliuweka ungo kando na akanitazama kwa macho ambayo sikuyaona tangu nikiwa msichana na nimevunja kitu.

"Miaka saba, Kazija. Nanawa kabla ya kula, nanawa baada ya kula, na kila nikinawa naitazama mikono hii. Nani aliyeiambia hiyo Pua?"

Hapo ndipo penyewe. Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza pipa la makonyo, na Idi, na kusuuza mara moja. Sikujitetea. Nilisema kwamba nilifungua mfuniko nikanusa na sikusikia kitu, na kwamba leo saa nne litasomwa jina langu, na kwamba ana haki ya kutonitazama usoni tena, nami nisingemlaumu.

Jogoo wa jirani alipita uani akadonoa punje zilizoanguka, na hakuna aliyemfukuza.

"Harufu ya karafuu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Nani hapa angeisikia?" Akashusha pumzi ndefu, ndefu sana, ikatoka na sauti. "Hata mie nisingeisikia."

Aliinuka kwa kushika ukuta. Nikadhani anakwenda kunawa au kuswali, lakini aliingia chumbani, akapanda kitandani na kanga zake, akaugeukia ukuta. Nilimfuata mpaka mlangoni. Akaniambia bila kugeuka kwamba nimwamshe adhuhuri na kwamba mchele ule bado una mawe. Mama yangu halali mchana. Tangu msiba ule hata usiku amekuwa akilala vipande vipande, Zeyana na mimi tumezoea kumsikia akitembea uani. Nilisimama nikihesabu pumzi zake, na kabla sijafika ishirini zilikuwa zimekuwa nzito, zenye kukoroma kidogo, pumzi za mtu aliyelala kweli.

Nikarudi barazani nikauchukua ungo. Saa nne ilipofika redio ya jirani ikaanza kulisoma tangazo, sauti ya juu kabisa, jina la Bwana Haroub kwanza, kisha langu, Kazija Faki, mkemia, aliyekosea. Watu wawili waliokuwa wanapita njiani walisimama kusikiliza, na mmoja wao alinitambua. Niliuweka ungo chini, nikavaa viatu, nikaenda kumwomba jirani apunguze redio yake, mama amelala.